KAMERA YAKO YAONA NINI USIKU?
Shauri kwa mwenye nyumba anayetaka kubadili lenzi



Katika kata ya Nyamisangura, pale Tarime, na katika vijiji vingi vya wilaya za Tarime na Serengeti, siku hizi si ajabu kuona kamera ndogo ya ulinzi imetundikwa chini ya ukingo wa bati, ikitazama mlango au zizi. Pengine baba mwenyewe ameinunua mjini. Pengine imeletwa na kijana aliye kazini Mwanza au Nairobi, ili wazazi wake walale bila hofu. Mali inayolindwa twaijua sote: ng'ombe, mbuzi, pikipiki, magunia ya mahindi na ya kahawa. Nasi tunaokaa karibu na ikweta hatuna usiku mfupi kiangazi wala mrefu masika. Mwaka mzima jua hutuacha kwa muda wa saa kumi na mbili hivi. Basi kamera isiyoona usiku ni kama mlinzi anayelala nusu ya zamu yake.

Wengi wakiona picha ya usiku ni hafifu, husema, "Kamera imekufa, tununue nyingine." Mara nyingi haikufa. Kinachotakiwa ni kusafisha, au taa, au lenzi nyingine. Lenzi ni kile kioo cha mbele kinachokusanya mwanga na kuuelekeza ndani ya kamera. Leo tutazame jinsi ya kuichagua bila kupoteza fedha.

PICHA MBOVU YAWEZA KULETA MSIBA

Labda utauliza: Je, jambo la kioo kidogo namna hii lastahili nafasi gazetini? Lastahili kweli, na sababu ni hii.

Tuseme asubuhi moja mbuzi wawili hawapo. Watu wa nyumbani wanafungua simu na kutazama picha za usiku. Wanaona mtu kama kivuli, uso wake ni doa jeupe lisilo na macho wala pua. Mmoja anasema, "Huyu si mtoto wa fulani? Tazameni anavyotembea." Kufika saa sita mchana kijiji kizima kimekwisha kusikia jina. Nasi twajua yanayoweza kutokea kwetu yowe la mwizi likipigwa. Watu wenye hasira hawamngoji hakimu.

Hapo wamepata hasara watu wawili. Mwenye mbuzi hakumpata mwizi wake, na kijana ambaye pengine alikuwa amelala kwao amepoteza jina jema, au hata uhai. Picha isiyo wazi ni shahidi wa uongo, ingawa haikukusudia kusema uongo. Kwa hiyo anayechagua lenzi asiulize tu, "Itaona mbali?" Aulize, "Itanionyesha uso wa mtu, mahali gani, na kwa mwanga gani?" Ukilishika swali hilo moja, mengine yote yatafuata.

KABLA HUJATOA FEDHA

Kwanza, panda ngazi mchana uikague kamera yenyewe. Wadudu hupenda taa, na buibui huwafuata wadudu. Uzi mmoja wa buibui mbele ya kioo hung'aa usiku kwa taa za kamera hata ukafunika nusu ya picha. Ondoa utando kwa brashi laini, kisha pangusa kioo kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kidogo. Usitumie mchanga, majivu wala sabuni ya unga, maana vitu hivyo hukwaruza.

Pili, tazama kama kamera inaukaribia mno ukuta mweupe au ukingo wa bati. Mwanga wa taa zake ukigonga hapo hurudi ndani ya lenzi, na picha nzima huwa kama ukungu. Kuisogeza kidogo kwaweza kuponya ugonjwa wote.

Tatu, usiku zitazame taa ndogo zinazoizunguka lenzi. Katika kamera nyingi huonekana kama makaa mekundu yaliyofifia. Zikiwa nyingi zimezimika, lenzi mpya haitakusaidia kitu. Lakini kuna aina ambayo taa zake hazionekani kabisa kwa macho, basi usiseme zimekufa kabla ya kumwuliza fundi.

Ikiwa kioo chenyewe kimekwaruzika, au kimekuwa cha manjano kwa jua, au kimeota ukungu kwa ndani, au kama picha ni wazi lakini uso wa mtu ni mdogo mno usiweze kutambulikana, hapo ndipo shauri la lenzi mpya linapoanza. Fahamu pia kwamba kamera nyingine zimefungwa kwa gundi na lenzi yake haitoki. Mwulize fundi kwanza.

PIMA KWA HATUA

Lenzi huuzwa kwa milimita: 2.8, 4, 6, 8, 12 na kadhalika. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona upana mkubwa, lakini kila kitu huwa kidogo. Namba ikiwa kubwa, huona mahali pembamba, lakini kwa karibu.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mwuza duka husema, "Chukua hii, mama, inaona boma lote mpaka barabarani!" Ni kweli inaona boma lote. Lakini picha ya kamera hujengwa kwa nukta nyingi, kama kitambaa kinavyojengwa kwa nyuzi. Kamera ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Ukizitandaza juu ya boma lote, uso wa mtu utapata nukta chache tu.

Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa darasa la saba ataiweza. Pima umbali kutoka kamera mpaka mahali mtu atakapopita, kwa mfano lango. Zidisha kwa upana wa kile kibamba kidogo ndani ya kamera kinachopokea picha, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Katika kamera zenye kibamba cha theluthi ya inchi, upana huo ni milimita 4.8. Jibu ni upana wa mahali utakapopaona.

Tuseme lango liko mita 10 kutoka kamera. Lenzi ya milimita 2.8 itaonyesha upana wa mita 17 hivi, na uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 16, utapata nukta 18 tu. Lenzi ya milimita 4 itaonyesha mita 12, na uso utapata nukta 26 hivi. Ya milimita 6 itaonyesha mita 8, uso nukta 38. Ya milimita 8 itaonyesha mita 6, uso nukta 51. Wataalamu wa kamera za ulinzi wamekubaliana kwamba, ili kumtambua mtu usiyemjua, zahitajika nukta 250 katika kila mita moja, yaani nukta 40 hivi usoni.

Basi kwa lango hilo lenzi ya milimita 8 yafaa, na ya milimita 6 imepungua kidogo tu. Ile ya milimita 2.8 itakuambia kwamba mtu amepita, lakini haitakuambia ni nani. Tena hizo nukta ni za wakati picha iko wazi. Giza huzipunguza.

MFANO WA SERENGETI

Tazama walivyofanya wataalamu hapo jirani yetu, katika Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 2010 walianza kutega kamera 225 ili kuchunguza wanyama mchana na usiku. Walilipima eneo la kilometa za mraba 1,125, wakaligawa katika vipande vya kilometa za mraba 5, wakaweka kamera moja katika kila kipande.

Je, walijaribu kukiona kipande chote kwa kamera moja? Hata kidogo. Kila kamera ilitazama mita chache tu zilizo mbele yake. Kwa njia hiyo, katika miaka mitatu ya kwanza walipata mafungu ya picha milioni 1.2. Wewe nawe fanya vivyo hivyo. Usitake kuliona boma lote kwa jicho moja. Chagua mahali ambapo mgeni hawezi kukwepa kupita, yaani lango au mlango wa zizi, ukapaone vizuri.

TUNDU LA KUINGIZIA MWANGA

Sasa tuje kwenye giza lenyewe. Jua la mchana mweupe hutoa mwanga wa luksi 100,000 hivi, na luksi ni kipimo cha mwanga. Mbalamwezi ya mwezi mpevu ni kama robo ya luksi moja. Usiku usio na mwezi mwanga hupungua zaidi ya mara mia tena. Ndiyo maana jicho lako hufungua mboni gizani. Kamera nayo yataka tundu kubwa.

Ukubwa wa tundu huandikwa kwa herufi F na namba, kama F2.0, F1.6, F1.2 au F1.0. Hapa wengi hukosea, maana namba ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Chukua milimita za lenzi ugawanye kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 8 yenye F2.0 ina tundu la milimita 4. Ikiwa F1.6, tundu ni milimita 5, na mwanga unaoingia huongezeka mara moja na nusu na zaidi kidogo. Ikiwa F1.0, tundu ni milimita 8, na mwanga ni mara nne.

Faida yake si weupe wa picha tu. Penye giza kamera huacha jicho wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga. Ikiliacha wazi kwa sehemu moja ya 25 ya sekunde, mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 20, yaani zaidi ya upana wa uso wake. Ndiyo sababu uso wake huwa doa. Mwanga ukiwa mara nne, kamera yaweza kufumba upesi mara nne, na doa hilo hupungua hadi sentimita 5.

Lakini jihadhari. Tundu kubwa sana lina gharama yake: vitu vilivyo mbele au nyuma ya mahali ulipolenga hupoteza uwazi upesi, na lenzi hafifu ya F1.0 yaweza kuwa na picha tepetepe kuliko lenzi njema ya F1.6. Kwa nyumba nyingi, F1.6 au F1.4 iliyotengenezwa vizuri yatosha, mradi pawe na taa kidogo.

MWANGA USIOONEKANA

Zile taa ndogo za kamera hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni. Mchana kamera huweka kichujio cha kuuzuia mwanga huo ili rangi zisiharibike, usiku hukiondoa, na ukitega sikio utausikia mlio mdogo, "tak." Kwa sababu hiyo kuna mambo mawili ya kuuliza dukani.

La kwanza: lenzi mpya isiwe na kichujio kilichogandishwa nyuma yake kwa kudumu. Kikiwapo, mwanga wa infraredi hautapita, na usiku kamera yako itakuwa kipofu.

La pili: iwe lenzi iliyotengenezwa kwa mchana na kwa infraredi pia. Mwanga huo haupindiki ndani ya kioo sawasawa na mwanga wa kawaida. Katika lenzi isiyorekebishwa, picha iliyo wazi mchana huwa na ukungu usiku, na mwenye nyumba hubaki kushangaa kwa nini.

Tena kumbuka neno hili, maana ni zito: picha ya infraredi haina rangi za kweli. Nguo nyeusi kwa macho yetu yaweza kuonekana ya kijivu au nyeupe kabisa. Basi usiseme kamwe, "Mwizi alivaa shati jeupe, na fulani ana shati jeupe."

IINGIE MAHALI PAKE

Kamera nyingi ndogo za nyumbani hutumia lenzi yenye hesi, yaani mikato ya kukazia kama ya parafujo, yenye upana wa milimita 12. Mafundi huiita M12. Kamera kubwa za sanduku hutumia aina za C na CS, zenye upana wa inchi moja. Hizo mbili zafanana kwa macho, lakini C hukaa mbali zaidi na kibamba kwa milimita 5. Ukiifunga kwenye kamera ya CS bila pete ya milimita 5, picha haitakaa wazi. Na lenzi ya CS kwenye kamera ya C haifai hata kwa pete.

Vilevile lenzi iwe imetengenezwa kwa kibamba cha ukubwa sawa na cha kamera yako, au kikubwa zaidi. Ikiwa ni ya kibamba kidogo, pembe nne za picha zitakuwa nyeusi.

Basi ukifika dukani, ichukue kamera yenyewe au lenzi ya zamani, uulize pole pole:

1. "Fundi, lenzi hii ni ya milimita ngapi, na F yake ni ngapi?"
2. "Hesi yake ni ya M12, C, au CS?"
3. "Ni ya kibamba cha ukubwa gani, nayo yafaa kwa nukta za kamera yangu?"
4. "Imerekebishwa kwa infraredi? Haina kichujio nyuma?"

Kuuliza si ujinga. Mwuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo, mshukuru, kisha nenda duka la pili.

Kazi ya kufunga ifanyike ndani ya nyumba, mahali pakavu, umeme ukiwa umezimwa. Usiguse kibamba kwa kidole. Angalia mpira wa kuzuia maji uwe mzima, maana mvua za Tarime hazina huruma. Kisha ngojea usiku, taa za kamera ziwake, mtu mmoja asimame langoni, ndipo uizungushe lenzi taratibu mpaka uso wake uwe wazi. Ukilenga mchana peke yake umefanya nusu ya kazi.

TAA MOJA LANGONI

Pengine baada ya hesabu zote utaona kwamba taa itakufaa kuliko lenzi. Mwanga hupungua upesi sana kwa umbali. Kitu kikiwa mbali mara mbili, hupata robo tu ya mwanga. Taa za kamera zilizo ukutani hufika langoni zimechoka. Lakini taa ndogo ya umeme au ya nguvu za jua, iliyowekwa langoni penyewe na kuwaka mtu anapopita, humulika uso kwa karibu, hurudisha rangi za kweli, tena mwizi hapendi kumulikwa. Ikiwa fedha ni ya kitu kimoja tu, anza na taa.

PICHA IKIPATIKANA

Turudi kidogo Serengeti. Zile picha hazikuamuliwa na mtu mmoja. Watu zaidi ya 28,000 duniani walijiandikisha kuzitazama kwa njia ya intaneti, na kila fungu la picha lilionwa na watu kadhaa, kila mmoja peke yake, bila kuambiwa wenzake wamesema nini. Majibu yao yalipolinganishwa, yaliwiana na ya wataalamu karibu mara 97 katika kila 100. Na hapo walitofautisha pundamilia na nyumbu tu, wala si mtoto wa jirani na mtoto wa jirani mwingine!

Wewe nawe, usimwonyeshe mtu picha huku ukimtajia jina. Mwache atazame mwenyewe, aseme anachokiona, na akisema "Sijui," likubali neno lake. Usiisambaze kwa simu na jina chini yake. Ihifadhi picha ya asili bila kuikata, hakikisha saa na tarehe za kamera ni sahihi, kisha ipeleke kwa mwenyekiti na polisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huruhusu mahakama zetu kupokea ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama hutazama jinsi ulivyopatikana na kutunzwa. Tena kamera yako itazame boma lako, si mlango wa jirani, maana naye ana haki ya kukaa kwake bila kuchunguzwa.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo fanya jambo moja. Mwambie mtoto wako asimame langoni gizani, nawe umtazame kwa simu. Ikiwa hukuweza kumtambua mtoto uliyemzaa, usikubali picha ya kamera hiyo imtie hatiani mtoto wa mwenzako. Safisha kioo, pima hatua zako, weka taa, na lenzi ikihitajika, nunua ile inayofaa.